Ukurasa wa Pili wa Sheria ya Vibarua

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, na mpaka leo inanichekesha, maana sasa ndiyo sina haraka ya kwenda popote. Binti wa masijala akanishika mkono akasema, "Mama Tekla, tuandikie basi hata kidogo, tujue mlikuwa mnafanyaje kazi kabla ya kompyuta." Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na vyote vilichelewa. Mshahara nao tuuache. Nitaeleza zaidi kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu hii miwili, likawa sheria.

Nimefanya kazi Mbulu, nikahamishiwa Hanang, nikarudishwa, nikahamishwa tena. Kosa lilitokea upande mmojawapo. Ni upi, sisemi, kwa sababu madiwani wa zamani wa pande zote mbili bado tunasalimiana kanisani.

Nilianza kazi Mbulu nikiwa nimetoka moja kwa moja chuo cha uhazili. Nilifika juu ya gunia la maharage, nyuma ya lori, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo matope ya Mbulu yalivimaliza wiki ile ile. Nikapokelewa na karani mkuu, Mzee Amnaay, mtu mwembamba mwenye sweta la kahawia ambalo sikuwahi kuona amelivua. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, za ng'ombe, kisha akaniangalia viatu na kusema, "Binti, hapa tunatembea sana." Nikadhani anazungumzia barabara, kumbe alikuwa anazungumzia meza.

Mashine yangu ya kuchapa ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na kengele yake ya mwisho wa mstari ilikuwa imekufa. Mzee Amnaay alikuwa anakaa chumba cha pili, lakini alikuwa anajua kwa kusikia tu mstari umefika wapi. Ningali nachapa, nasikia sauti inatoka ukutani: "Rudisha!" Kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa kengele yangu. Tulichapa kwenye karatasi za stensili, na ukikosea unapaka dawa ya kufutia yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unachapa tena juu yake. Kisha mashine ya kudurufu, ya kuzungusha kwa mkono, inatoa nakala moja moja huku inakupaka wino mpaka kwenye kiwiko.

Halafu ndipo inapokuja ile meza. Kila ukurasa ulikuwa na fungu lake. Unayapanga mafungu kuizunguka meza ndefu ya mikutano, ukurasa wa kwanza pale, wa pili pale, wa tatu pale, kisha unaizunguka ukiokota karatasi moja moja mpaka umepata kitabu kizima. Nakala arobaini ni mizunguko arobaini. Juu ya kila fungu tuliweka jiwe la mtoni, kwa sababu ya upepo. Vijana wa leo mnabonyeza kitufe kimoja na bado mnasema mmechoka.

Mzee Amnaay alinipa amri moja ambayo nawapa na ninyi. Alisema, "Ulichochapa usikisome ukiwa umekaa. Ukikaa unasoma ulichotaka kuandika. Simama, utasoma kilichoandikwa." Nilimtii miaka mingi. Siku niliyoacha kumtii ni moja tu, na ndiyo nitakayowasimulia.

Zamani halmashauri ilikuwa na mafundi wake wenyewe. Walikuwa na ovaroli, walikuwa na stoo, na kiongozi wao alikuwa anakuja kunywa chai kwetu kila saa nne, akiondoka tunahesabu vikombe. Shule ikitoboka paa, wao ndio wanapanda. Kisha likaja soko huria. Mafundi wakapunguzwa, stoo ikafungwa, na badala yao wakaja wakandarasi wenye mikoba na buti safi. Mkandarasi hakuja na mafundi. Alisimamisha gari barabarani asubuhi, watu wakalikimbilia, akachagua kwa kidole: wewe, wewe na yule mwenye kofia. Walitoka Tumati, walitoka Gitting, walitoka popote palipokuwa na mtu mwenye jembe na haja. Jioni aliwashusha pale pale. Kesho yake akichagua wengine, hakuna wa kumuuliza.

Mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa ndipo mambo yalipochemka. Kila mtu akawa anajenga: ofisi, madarasa, zahanati, vyoo vya ofisi, vyoo vya zahanati. Halmashauri ikaona lazima itunge sheria ndogo ya wakandarasi na vibarua, na rasimu ikaja mezani kwangu nichape.

Ilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza ulimalizika kwa maneno haya: "Kila mkandarasi atakayefanya kazi ndani ya eneo la halmashauri atawajibika kutekeleza yafuatayo." Wa tatu ulikuwa wa adhabu. Katikati, ukurasa wa pili, ndipo yalipokuwa hayo yafuatayo. Kibarua awe mkazi wa kata. Aonyeshe stakabadhi ya kodi ya maendeleo kabla ya kushika koleo. Awe ametimiza miaka kumi na minane. Asigome. Asilewe kazini. Akikosa adabu aondolewe mara moja. Kwa kibarua mwenyewe, kwamba apewe nini au afanyiwe nini, halikuwepo neno hata moja. Nililichapa hilo bila kushtuka, na nalisema kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimezoea.

Wiki ile ile nikaletewa rasimu nyingine, ya uogeshaji na usafirishaji wa mifugo. Hiyo aliiandika bwana mifugo wetu, Bwana Safari, mtu aliyependa ng'ombe kuliko wengi wetu tunavyopenda wakwe zetu. Ukurasa wake wa pili ulikuwa mzuri mpaka nikautamani. Wanyama wapelekwe josho kila wiki. Wapewe maji safi mara mbili kwa siku. Wapumzishwe kivulini jua la saa sita. Wapewe chumvi. Wasisafirishwe kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kuzama, na kila mnyama awe na kibali kinachoonyesha rangi yake na alama ya sikio. Na mwisho kabisa: "Mnyama atakayeumia asitelekezwe njiani. Mwenye mnyama atamhudumia kwa malisho, maji na tabibu mpaka asimame mwenyewe kwa miguu yake minne."

Nikadurufu zote mbili siku moja. Mafungu sita juu ya meza, mawe sita. Mzee Amnaay alikuwa ameshastaafu. Baraza la madiwani lilikuwa kesho yake, nami jioni nilikuwa na mazoezi ya kwaya, tena sauti ya pili bila mimi huwa inapotea. Mara mlango ukafunguliwa, akasimama mzee mmoja wa Kibarabaig, shuka begani, fimbo mkononi, anatafuta ofisi ya ardhi. Baadaye nilikuja kumjua kwamba ni Mzee Gidamis.

Sasa, mzee amesimama mlangoni, utamwambia nini? Ofisi ya ardhi ni chumba cha tatu kushoto? Huyo hatakuwa mtu wa kwetu. Niliinuka nikaenda mpaka alipo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaniuliza ninatoka kwa nani. Nikamtaja baba. Akamtaja babu. Akaniuliza hali ya malisho ya upande wetu, nami nikamuuliza ya upande wao, na ikabidi tufike mpaka kwenye mvua za mwaka uliopita. Muda wote huo mlango uko wazi, na mimi kwa adabu nimewapa mgongo mafungu yangu. Upepo ukaingia na kupeperusha karatasi kama kuku walioona mwewe. Hata mawe mawili yalianguka, yale ya kurasa za pili.

Niliokota. Nikapanga. Nikazunguka meza mara nyingi sana huku nikiimba ile sauti ya pili. Sikusimama kusoma.

Madiwani wakapitisha zote mbili kwa kuinua mikono. Zikapelekwa juu zinakopelekwa, zikakaa huko mpaka tukazisahau, zikarudi zina muhuri kila ukurasa. Tukazisambaza kwenye kata.

Wa kwanza kufika kwangu ni Bwana Safari. Alikuja na pikipiki, amevaa koti lake jeupe la josho, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Tekla, kuna mkandarasi ameniandikia barua."

"Anataka nini?"

"Anataka nikawakague vibarua wake. Anauliza dawa ya josho nitaleta mimi au atanunua yeye."

Nikachukua nakala. Nikasimama. Nikasoma kilichoandikwa. Ukurasa wa pili wa mifugo ulikuwa umelala katikati ya sheria ya wakandarasi, umetulia, una muhuri. Na kwenye sheria ya mifugo ilikuwa imeandikwa kwamba aonyeshe stakabadhi ya kodi kabla ya kushika koleo, awe ametimiza miaka kumi na minane, na asigome. Upande wa mifugo haukuleta shida, kwa kuwa wafugaji hawakuisoma, na ng'ombe nao hawakulalamika. Shida ilikuwa ule upande mwingine.

Mkandarasi mwenyewe tulimwita Injinia, maana ndivyo alivyojiita. Alikuwa anajenga madarasa kwenye kijiji kimoja nyuma ya mlima. Nilikwenda na Bwana Safari kwa nia ya kumwomba radhi kimyakimya, nirudi nikatafute namna. Tulipofika nikakuta amejenga bafu la mabati lenye mlango, na vibarua wamepanga mstari na taulo. Chini ya turubai kuna kivuli. Kando ya sufuria ya kande kuna bonge la chumvi ya magadi, la kulamba ng'ombe, na mpishi analikwangua kwa kisu.

"Injinia," nikasema, "hii sheria uliisomaje?"

"Niliisoma, mama. Mwanzoni nilishangaa kidogo hapo wanaposema wanyama. Nikasema labda siku hizi za soko huria ndivyo serikali inavyowaita vibarua."

Hakuwa anatania. Alinionyesha na vibali vya kusafirisha, amevijaza kwa mkono wake. Kimoja nakikumbuka: "Jina: Paskali. Atokako: Tumati. Rangi: maji ya kunde. Alama ya sikio: hana."

Paskali mwenyewe alikuwa hapo hapo, fundi wa kupaua, mrefu, mcheshi. Akaniamkia, akasema, "Mama, kama wewe ndiye mwenye hii sheria, Mungu akubariki. Zamani tulikuwa tunapakiwa kwenye lori saa kumi alfajiri. Sasa tunamwambia, jua bado. Anasubiri."

"Na chakula?"

"Kina chumvi! Kabla ya hapo kila mtu alikuja na yake kwenye karatasi. Usiibadilishe, mama. Tafadhali."

Nilirudi ofisini nikakaa na siri yangu. Kurekebisha ilitakiwa nikiri, na kukiri ilikuwa ni kuhamishwa, pengine ni kufukuzwa. Nikajiambia nitangoja baraza lijalo. Kusema kweli nilikuwa naogopa, lakini pia nilikuwa nalifikiria lile bonge la chumvi.

Mvua zilikuwa zinakaribia na Injinia alikuwa anaharakisha mapaa. Mchana mmoja mti wa jukwaa ukakatika, Paskali akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Hapo ndipo Injinia aliposahau sheria yote. Akampakia kwenye trela ya trekta, akamshusha kituoni Mogitu, kando ya barabara, na mfuko wake wa nguo, na akamwambia asubiri gari la kumrudisha kwao. Kwa hesabu yake, yule ni kibarua wa siku, na siku yake imekwisha.

Aliyemkuta ni Bwana Safari, akipita na pikipiki. Alimtafutia gari, akampeleka hospitali, mguu ukafungwa plasta. Akaja kwangu moja kwa moja, koti lake jeupe lina damu.

"Ametelekezwa njiani," akasema. "Njiani kabisa, Mama Tekla. Kama nilivyoandika."

Paskali alikuwa na mke na watoto wanne, shamba Tumati halijalimwa, na daktari amesema asikanyage chini kwa miezi mitatu. Kama sheria ile ingesimama, angehudumiwa. Kama ningesema ukweli, ungebaki ule ukurasa wangu halisi, ambao ungeruhusu aondolewe mara moja. Sikulala vizuri siku zile, na mume wangu alidhani ni malaria.

Kesi ikaenda baraza la kata. Niliitwa kuja kuisoma sheria. Nilipoingia nikaona mwenyekiti ni Mzee Gidamis, yule wa mlangoni, shuka ile ile. Nikamwamkia, tukaanza habari za malisho, wajumbe wakasubiri. Paskali alikuwa amelazwa kwenye benchi la pembeni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na mkewe amesimama nyuma yake.

Nilisoma ukurasa wa pili kwa sauti, mpaka mwisho. Injinia akainuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hapa kuna kosa la wazi. Hiyo ni sheria ya mifugo. Mama huyu ndiye aliyechapa. Mwulizeni, ukurasa huo ni wa sheria hii?"

Wote wakanigeukia. Nikamtazama mke wa Paskali, nikatazama karatasi. Nikasema, "Huu ndio uliopitishwa. Una muhuri." Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuongeza neno.

"Lakini unasema miguu minne!" Injinia akapaza sauti. "Huyu ana miwili!"

"Na mmoja umevunjika," akasema Mzee Gidamis. "Ndiyo maana tuko hapa. Kaa."

Injinia akakaa. Mzee akaegemea fimbo yake.

"Nikuulize, kijana wangu. Huyu Paskali ni mfanyakazi wako?"

"Hapana, mzee. Ni kibarua wa siku tu. Sina mkataba naye."

"Sawa. Ni mnyama wako?"

"Hapana, mzee! Mimi sina mnyama."

"Wiki zote hizi umemwandikia kibali cha ng'ombe, na rangi yake umeandika. Leo ameumia, si ng'ombe tena. Mfanyakazi naye si mfanyakazi. Basi tuambie sisi hapa, huyu ni nani kwako?"

Injinia akamtazama Paskali, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama usoni, badala ya kumchagua kwa kidole.

"Mimi ni mfugaji," Mzee Gidamis akaendelea, kwa upole sasa. "Ndama wangu akivunjika mguu malishoni, nambeba mabegani mpaka nyumbani. Sijawahi kuuliza sheria inasemaje."

Wakaamua. Injinia amchukue Paskali, amlaze kambini mahali pakavu, amlishe, ampeleke hospitali kwa gari lake kila atakapoitwa, trekta yake ikalime shamba la Tumati kabla ya mvua, na nafasi yake ya upauaji isipewe mtu. Mpaka lini? Mpaka asimame mwenyewe. Injinia alikubali kwa sauti ndogo. Na kusema haki, alitekeleza yote. Trekta ililima hata kipande cha jirani, kwa kuwa dereva hakujua mpaka.

Wajumbe walipotawanyika nilimfuata Mzee Gidamis nje. Sikuweza kuvumilia. Nikamweleza yote, mlango, upepo, mawe, kwaya. Alisikiliza huku akiangalia mlima.

"Kwa hiyo kosa ni la salamu zangu," akasema.

"Hapana, mzee, ni langu."

"Utalirekebisha?"

"Inabidi, mzee."

"Rekebisha. Lakini si kabla yule hajasimama."

Nilichapa ukurasa mpya nikaufungia kwenye saraka. Baraza la madiwani moja likapita, sikuutoa. Baada ya mavuno, siku moja mlango ukafunguliwa, na mara hii nikakamata mafungu yangu kwanza. Alikuwa Paskali, na fimbo mkononi. Akaiegemeza ukutani, akatembea bila fimbo mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo, mama. Nimesimama."

Nikaitikia marahaba, nikalia kidogo, naye akajifanya anaangalia kalenda.

Wiki ile nilipeleka marekebisho kwenye baraza, kwa maelezo mafupi kwamba kurasa zilichanganyika wakati wa kudurufu. Madiwani wakacheka, wakainua mikono, wakapitisha, hakuna aliyefungua. Ukurasa ukarudi una muhuri. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunihamisha, kwa hiyo nawaambia: ukurasa ule haukuwa ule wa mwanzo. Niliuchapa nikiwa nimesimama. Palipoandikwa mnyama nikaweka kibarua. Palipoandikwa malisho nikaweka chakula. Josho nililitoa, nikaweka bafu, na vibali vya rangi na masikio nikavifuta kabisa. Maji, kivuli, jua kuchomoza, kutotelekezwa njiani, vyote vipo, futeni vumbi kwenye kabati la chini mwangalie. Miguu minne niliifanya miwili.

Chumvi niliiacha pale pale.